Ellan Vannin: Bee Gees na kisiwa kilichozika vitovu vyao

Mabishano ya muziki wa zamani yakifika kwa Bee Gees, bendi ya ndugu watatu, Barry, Robin na Maurice Gibb, hakosi mtu wa kusema kwamba hao ni Waaustralia. Wa pili atasema hapana, ni Waingereza wa Manchester. Wa tatu, anayewajua kwa suti nyeupe na sauti nyembamba za enzi ya disko, ataapa ni Wamarekani wa Miami. Nimeketi katika ubishi huo zaidi ya mara moja, na ugumu wake ni kwamba kila mmoja ana kipande cha ukweli. Australia wamekulia, Manchester wamepita, Miami wamejenga maisha. Ila kitovu, ambacho kwetu ndicho hoja ya mwisho mtu anapoulizwa kwao wapi, kilizikwa Douglas, mji mkuu wa Isle of Man, kisiwa kilichokaa baharini kati ya Uingereza na Ireland.

Kisiwa hicho walikiimbia. Walirekodi mwaka 1997, wimbo ukatoka 1998 kwa nakala chache, mapato yakaenda kwenye shughuli za hisani kisiwani humo. Unaitwa Ellan Vannin. Na ukienda kuutafuta ili umalize ubishi, ndipo utakapopotea: utakuta shairi la karne ya 19, meli iliyozama, wimbo wa kundi jingine wenye jina karibu lile lile, wimbo wa taifa usiokuwa wa taifa, na timu ya mpira iliyosusia mashindano. Hebu tufungue fundo moja baada ya jingine. Mengine ni madogo, nitayapita haraka.

Tuanze na jina. Ellan ni kisiwa. Vannin ni Mannin, yaani Man, jina la kisiwa chenyewe. M imegeuka V kwa sababu Kimanx, lugha ya asili ya huko, ambayo ni ndugu wa Kigaeli cha Ireland na cha Uskoti, hubadili herufi ya kwanza ya neno kulingana na kazi yake pale lilipokaa. Mwingereza huliona jambo hili kama kiini macho, maana kwake maneno hubadilika mkiani. Sisi tunaosema ulimi na ndimi, ubao na mbao, hatuna cha kushangaa neno linapobadilishwa kichwa. Kwa hiyo Ellan Vannin ni "Kisiwa cha Man", basi. Ni jina ambalo mwenyeji hulitumia anapotaka kukiita kwa mapenzi, au anapotaka mgeni ajue kwamba kisiwa hiki kilikuwa na jina kabla ya Kiingereza kufika.

Fundo la pili huwachanganya hata Waingereza wenyewe: Isle of Man si sehemu ya Uingereza. Ni nchi ndogo yenye kilomita za mraba 572, karibu theluthi moja ya Unguja, na sensa ya 2021 ilihesabu watu 84,069. Mfalme wa Uingereza ndiye mtawala wake kwa cheo cha Bwana wa Mann, lakini kisiwa kina bunge lake, Tynwald, sheria zake na kodi zake. London inashughulikia ulinzi na mambo ya nje. Wenyeji hujivunia kwamba bunge hilo lina zaidi ya miaka elfu moja bila kukatika. Mwezi wa Julai kila mwaka hukutana nje, kwenye kilima kidogo kilichopandwa nyasi katika kijiji cha St John's, na sheria mpya za mwaka husomwa hadharani kwa Kimanx na kwa Kiingereza. Mzanzibari akisikia habari ya kisiwa chenye bunge lake na bahari katikati, atadhani anaijua hadithi. Polepole. Hakuna muungano pale, hakuna wabunge wa kisiwa wanaokwenda London. Mfanano unaishia mlangoni.

Lugha yenyewe imepitia mengi. Mwaka 1974 alifariki Ned Maddrell, mvuvi ambaye huhesabiwa kuwa mtu wa mwisho kunyonya Kimanx na maziwa ya utotoni. Mwaka 2009 shirika la Unesco likaiandika lugha hiyo miongoni mwa zilizokufa. Watoto wa shule ya msingi inayofundisha kwa Kimanx, shule iliyoanzishwa 2001, wakaliandikia barua kwa Kimanx, wakiuliza: kama lugha hii imekufa, sisi tunakuandikia kwa lugha gani? Unesco ikarekebisha orodha yake. Nalitaja hili kwa sababu linahusu wimbo moja kwa moja: Ellan Vannin, ambao watu wa kisiwa hicho huulilia machozi, ni wa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maneno ya Kimanx ndani yake ni mawili tu, yale ya jina.

Na aliyeutunga hakuwa wa kisiwa. Eliza Craven Green alizaliwa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1803. Aliishi Isle of Man katika ujana wake, akaondoka, akarudi kuishi kwenye miji ya viwanda ya Uingereza, Manchester na Leeds. Shairi aliliandika 1854, alipokuwa amekwisha kuvuka hamsini, na muziki ukaja kutiwa baadaye na mtu mwingine. Yaani ni shairi la mtu aliyeketi mbali.

Msome kwa karibu utaona jinsi umbali huo unavyofanya kazi. Ubeti wa kwanza hauanzii kisiwani. Unaanzia jioni ya kiangazi, shughuli za mchana zimekwisha, mtu ameketi peke yake chini ya nyota na moyo umechoka. Hapo ndipo kisiwa kinamtokea, kama ndoto ya macho makavu: vilima vya kijani kando ya bahari. Ubeti wa pili anasikia mawimbi madogo yakigusa ufuko, na chini ya maji ya kijani nguva anaimba kama alivyoimba zamani. Kisiwa kinang'aa kama kilivyong'aa siku ya kwanza alipokiona akiwa kijana. Wa tatu unawataja watu waliompenda huko zamani, anawatumia machozi na dua. Kila ubeti unarudi kwenye vilima vile vile vya kijani kando ya bahari. Ni kibwagizo, kama tunavyokijua. Mishororo ni mifupi, ya mizani saba au nane, sawa na ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo wetu, peke yake bila utao, nusu ya pili. Hakuna neno gumu. Hakuna mfalme, hakuna vita, hakuna bendera. Ndiyo maana linaimbika, na ndiyo maana nadhani limeishi kuliko mashairi mengi ya uzalendo ya karne ile: linamfaa yeyote aliyeondoka popote penye kilima na maji.

Sasa twende kwa kina Gibb.

Barry alizaliwa Douglas tarehe 1 Septemba 1946. Pacha Robin na Maurice walifuata mji huo huo tarehe 22 Desemba 1949. (Siku nne baada ya Barry, tarehe 5 Septemba 1946, kwenye kisiwa kingine chenye mkono wa Mwingereza, alizaliwa Farrokh Bulsara, pale Mji Mkongwe, Unguja. Dunia ilikuja kumwita Freddie Mercury. Visiwa viwili, wiki moja, na waimbaji wawili ambao sauti zao za juu hazikuwa na mfano. Najua haithibitishi chochote, lakini kila nikilikumbuka hunifurahisha.)

Baba yao, Hugh Gibb, alikuwa mpiga ngoma na kiongozi wa bendi, na riziki yake ilitegemea jambo moja: watalii. Kabla ndege za bei nafuu hazijawapeleka Waingereza Hispania, wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya kaskazini walivuka kwa meli kila kiangazi kwenda Douglas kuoga baharini na kucheza dansi. Hoteli zilihitaji bendi. Hata meli za Liverpool zilihitaji bendi. Hugh alipiga kote, hotelini na melini. Kumbe muziki wa ukoo ule ulitokana na mgeni aliyelipia chumba chenye dirisha la bahari, jambo ambalo mwanamuziki yeyote wa hoteli za Nungwi au Diani leo atalielewa bila kuelezwa.

Nyumbani hapakuwa na anasa. Barry akiwa bado mtoto mdogo wa takriban miaka miwili alijimwagia chai ya moto, akaungua vibaya, akalazwa hospitali ya kisiwa kwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka 1955 familia ilihamia Manchester. Barry alikuwa akikaribia au amefika miaka tisa, pacha walikuwa watano. Mwaka 1958 wakapanda meli kwenda Australia, wakafikia Redcliffe karibu na Brisbane, na huko ndiko watoto wale walipoanza kuimba kwa pesa, kwenye uwanja wa mbio za magari, watazamaji wakiwarushia sarafu. Mapema 1967 wakarudi Uingereza, na mwaka huo huo dunia ikawajua.

Hesabu basi: kisiwani waliishi utoto tu. Mtu mkali anaweza kusema kwamba huko si kwao, ni mahali walipozaliwa kwa sababu baba alikuwa na kazi ya msimu. Ila wazazi wao walirudi kuishi huko katika miaka ya sabini, na mdogo wao Andy, aliyezaliwa Manchester 1958, aliunda bendi yake ya kwanza Isle of Man, akaipa jina kutokana na wimbo wa kaka zake. Uzi haukukatika kabisa.

Hapa ndipo penye jambo linalonivutia kuliko mengine yote. Bee Gees walikuwa watunzi zaidi ya kuwa waimbaji. Waliandika nyimbo zao na za wengine kwa wepesi wa kutisha. Mwaka 1967 waliitungia Massachusetts wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Uingereza, na wakati wanautunga hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekanyaga Massachusetts. Walikuwa wamelipenda jina. Wimbo wao mwingine wa mwaka huo unazungumzia ajali ya mgodi New York ambayo haikutokea. Hawa walikuwa watu wa kubuni mahali. Wangeweza kukitungia kisiwa chao wimbo kwa alasiri moja, na pengine ungeuzwa duniani kote.

Hawakutunga. Walipotaka kukiita kwa jina lake, waliuchukua wimbo ambao kisiwa tayari kilikuwa nao, ambao bibi na babu za watu wa Douglas waliujua kwa moyo, wakauimba kama ulivyo. Nadhani ni adabu ya mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi. Haingii sebuleni na kuanza kuwafundisha wenye nyumba nyimbo. Anasikiliza wanachoimba, anaitikia. Wapo watakaosema ni uvivu, au kwamba wimbo wa hisani haustahili jasho la kutunga. Siwezi kuwapinga kwa ushahidi. Naweza tu kuwaambia wausikilize.

Watakachosikia si bendi ya disko. Hakuna ule mwendo wa kukupeleka ukumbini. Wimbo unakwenda taratibu, na anayeongoza ni Robin, si Barry na ile sauti yake nyembamba ya juu iliyowafanya kuwa matajiri. Sauti ya Robin ilikuwa na mtetemo wa asili, kama ya mtu anayejizuia kulia, na mara nyingi akiimba jukwaani aliziba sikio moja kwa kiganja ili ajisikie vizuri, kama muadhini. Kwa wimbo kuhusu mtu aliyeketi peke yake usiku akikumbuka, sauti hiyo ndiyo yenyewe. Huhitaji kuigiza upweke ukiwa umezaliwa na sauti ya upweke. Kisha ndugu wanaingia, sauti tatu za damu moja zikipandana, na upweke wa shairi unabadilika kidogo. Eliza Green aliandika "mimi". Kina Gibb wanaimba "mimi" wakiwa watatu.

Katika ziara yao ya mwisho wa miaka ya tisini walikuwa wakiutia wimbo huu kwenye maonyesho yao, mbele ya maelfu ya watu ambao wengi wao, nina hakika, hawakujua wanaimbiwa nini. Watu walikuja kwa ajili ya Night Fever, wimbo wao wa disko, wakapewa vilima vya kijani.

Fundo la meli ni la huzuni, na ndilo linalowapotosha wengi. Palikuwa na meli iliyoitwa Ellan Vannin. Iliundwa 1860 ikiwa na magurudumu ya pembeni na jina jingine. Mwaka 1883 ikawekewa rafadha, ikabatizwa upya. Ilibeba barua, mizigo na abiria. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1909 iling'oa nanga mji wa Ramsey kwenda Liverpool, dhoruba ikaikuta karibu na mlango wa mto Mersey, ikazama na wote waliokuwamo. Kundi la muziki wa asili la Liverpool lililoitwa The Spinners liliimba maombolezo ya meli hiyo, yaliyotungwa na mmoja wao, Hughie Jones, na yanaitwa The Ellan Vannin Tragedy. Wimbo ule ni wa vifo. Huu wa kina Gibb ni wa nyumbani. Havihusiani ila kwa jina, ingawa sidhani kama mtu wa kisiwani anaweza kulisikia jina hilo bila meli kumpitia kichwani. Baada ya kuzama kwa MV Spice Islander mwaka 2011, watu wa Unguja na Pemba hawahitaji kufafanuliwa namna jina la chombo linavyoweza kubaki kooni.

Je, Ellan Vannin ni wimbo wa taifa? Wa desturi, ndiyo. Wa sheria, hapana. Wimbo rasmi aliuandika William Henry Gill kwa kuugeuza wimbo wa jadi wa kisiwa, ukaimbwa kwa mara ya kwanza 1907, na bunge likaupitisha rasmi mwaka 2003 tu, karibu miaka mia moja baadaye. Ule ni wa kusimama wima, una Mungu, miamba na uhuru. Huu ni wa kuketi. Watu huuita wimbo wa taifa wa pili. Gill naye, kwa taarifa yako, alizaliwa Sicily, kwa baba Mmanx. Kisiwa hiki kinaonekana kupenda kuimbiwa na watu waliotoka mbali.

Na mpira, kwa kifupi, kwa sababu unatuhusu. Timu ya kisiwa iliyokuwa ikicheza mashindano ya CONIFA, ya mataifa na jamii zisizo ndani ya FIFA, ilijiita Ellan Vannin. Mwaka 2018 mashindano yalifanyika London, mwenyeji akiwa Barawa, timu ya Wasomali waishio Uingereza iliyochukua jina la mji ule wa pwani ya Somalia ambako Chimwini, ndugu yake Kiswahili, kingali kinasemwa. Wakapangwa kundi moja. Ellan Vannin wakafungwa na Barawa, wakalalamika kwamba wenyeji wamemchezesha mtu aliyesajiliwa kwa kuchelewa, malalamiko yakatupwa, wakafungasha virago. Hivyo basi kuna watu wa Barawa ambao kwao jina Ellan Vannin si kisiwa wala wimbo, ni ugomvi wa karatasi za usajili.

Maurice alifariki Januari 2003. Mwaka 1999 kisiwa kilikuwa kimeshawatolea stempu za posta. Mwaka 2009 mji wa Douglas ukawapa Barry na Robin heshima ya raia wa mji, na Maurice akapewa akiwa kaburini. Robin alifariki Mei 2012. Mwaka 2021 ikasimamishwa sanamu ya shaba ya wote watatu kwenye barabara ya ufukweni Douglas, kazi ya mchongaji Andy Edwards. Wanatembea sambamba, koti wazi, mwendo ule wa maringo wa kwenye video ya Stayin' Alive. Kwa hiyo ukishuka kwenye meli Douglas leo utalakiwa na kina Gibb wa Miami, wale wa disko, wamesimama mahali walipopatia ule wimbo mwingine, wa polepole. Ningependa zaidi wamchonge Robin na kiganja sikioni, lakini hawakuniuliza.

Ukitaka kuusikiliza, usiandike Ellan Vannin peke yake unapoutafuta. Weka na jina la bendi. La sivyo utaletewa meli.